Zahanati ziwezeshwe kabla amoksilini haijafuata njia ya klorokwini

MFUGAJI wa Kishapu hahitaji semina ili aelewe maana ya usugu wa dawa. Ameshaona kupe wakitoka joshoni wakiwa hai, wakaendelea kunyonya ng'ombe kana kwamba waliogeshwa kwa maji matupu.

Chanzo chake anakijua pia. Dawa ilichanganywa nyepesi ili itoshe mifugo mingi, wengine wakaogesha na wengine wakagoma, kisha josho likakaa wiki kadhaa bila kutumika. Kupe dhaifu wakafa, wagumu wakabaki na kuzaana. Baadaye dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, haikufanya kitu na mfugaji akalazimika kutafuta nyingine ya bei ya juu.

Hicho ndicho kinachotokea kwa dawa za binadamu zinazoua bakteria, yaani viuavijasumu au antibaotiki kama wengi wanavyoziita: amoksilini, septrini, doksi, sipro na nyinginezo. Kila zinapotumika ovyo, vimelea dhaifu hufa na vigumu hubaki. Wataalamu huuita usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, maana yake ni kwamba ugonjwa uliokuwa ukitibiwa kijijini kwa fedha ndogo unahitaji hospitali ya mbali na kuuza ng'ombe.

Watanzania wamewahi kupita njia hiyo. Watu wazima wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake na muwasho wake. Ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba, iliuzwa hadi kwenye viduka vya sabuni na viberiti, na wengi walimeza vidonge viwili au vitatu tu kisha wakaacha. Mwaka 2001 serikali iliiondoa katika matibabu ya kwanza ya malaria na kuweka SP. Nayo SP haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto, ALu.

Mseto ni ghali mara nyingi zaidi ya klorokwini, na kwa miaka yote hiyo wananchi wengi hawakuuona uzito wa bei yake kwa sababu wafadhili walibeba sehemu kubwa ya gharama. Nayo sasa inatazamwa kwa wasiwasi, kwani watafiti wameshathibitisha dalili za usugu wa vimelea vya malaria huko Karagwe mkoani Kagera, jirani na Geita.

Tofauti ni kwamba klorokwini iliposhindwa kulikuwa na dawa nyingine nyuma yake. Amoksilini ikishindwa, zilizo nyuma yake ni chache, nyingi ni za sindano, bei yake ni kubwa, na zahanati ya kijiji haina.

Kwa nini watu wanakwenda dukani

Chukua mfano wa kijana anayefanya kazi kwenye maduara ya Rwamgasa au Nyarugusu mkoani Geita, au Mwakitolyo mkoani Shinyanga. Ameamka na homa, kifua kinambana. Zahanati ya serikali inafunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri, saa ambazo yeye yuko shimoni. Akienda atakaa kwenye foleni, na huenda mwisho wa foleni akaandikiwa dawa na kuambiwa akanunue nje kwa kuwa zilizoletwa zimekwisha.

Duka la dawa liko hatua chache kutoka kwenye karasha na liko wazi hadi usiku. Anaingia na kusema, "Nipe za kifua." Anapewa vidonge sita vya rangi mbili kwa fedha ya soda mbili, anarudi kazini. Kesho yake akijisikia nafuu, vilivyobaki anampa mwenzake anayeumwa jino.

Kwa hesabu ya mfukoni, kijana huyo hajakosea. Siku asiyoshuka shimoni ni siku asiyopata mgawo. Mama lishe akifunga genge kwenda zahanati, wateja wanahamia kwa jirani. Mkulima wa mpunga wa Kahama hawezi kuacha kupandikiza katikati ya wiki ambayo maji yamekaa vizuri shambani. Wote wanapima muda na fedha kama mfanyabiashara yeyote, na katika mizani hiyo duka linashinda.

Ndiyo maana maelezo yanayotolewa kila mara kwenye warsha, kwamba tatizo ni "uelewa mdogo wa wananchi", hayatoshi. Kampeni ya "Holela-Holela Itakukosti" imesikika redioni na ujumbe wake ni mzuri. Lakini mtu anaweza kuujua ujumbe wote huo na bado akanunua vidonge sita, kwa kuwa njia nyingine inamgharimu siku nzima na haina uhakika wa dawa.

Si haki pia kumtupia lawama zote mwenye duka. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyochukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yalianzishwa mwaka 2003 mkoani Ruvuma na kusambazwa nchini kwa sababu ya maana. Wananchi wa vijijini walikuwa tayari wananunua dawa kwa watu wasio na mafunzo. Serikali ikaona ni bora wauzaji wafundishwe, wasajiliwe na waruhusiwe kuuza baadhi ya viuavijasumu kwa utaratibu.

Utaratibu unataka mgonjwa awe na cheti na apewe dozi kamili. Mtaani ni jambo jingine. Watafiti waliojifanya wateja katika miji kama Mwanza na Moshi walipewa dawa hizo bila cheti katika sehemu kubwa ya maduka waliyoingia. Mwenye duka amelipa pango, leseni na mtaji wa mkopo. Akimkataa mteja, mteja anavuka barabara na kuinunua dawa ile ile upande wa pili.

Hapo ndipo zahanati inapopata umuhimu ambao haujapewa uzito unaostahili. Katika mlolongo wote wa dawa, kuanzia kiwandani hadi kwenye kibanda cha mnadani, zahanati ndiyo sehemu karibu ya pekee ambayo mhudumu hapotezi riziki yake kwa kumwambia mgonjwa, "Dawa hii huihitaji." Mshahara wake hautegemei idadi ya vidonge alivyotoa. Yeye ndiye anayeweza kusema hapana.

Swali la kujiuliza ni kama anaisema.

Zahanati nazo zina lawama

Mara nyingi haisemi, na ni vema hilo likaelezwa wazi ili lisije likaonekana kuwa zahanati ni malaika na maduka ni shetani.

Hadi miaka ya 2000, karibu kila homa iliyofika zahanati ilitibiwa kama malaria. Kisha vikaja vipimo vya haraka vya malaria, vile vya tone la damu kwenye kikadi, vikasambazwa hadi zahanati za vijijini. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kikadi kilipoonyesha kuwa mtoto hana malaria, mhudumu alibaki na swali ambalo hakupewa kifaa cha kulijibu: kama si malaria, ni nini?

Jibu lililozoeleka likawa amoksilini au septrini. Watafiti waliofuatilia vipimo hivyo katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, waligundua kuwa mahali vilipoingia matumizi ya dawa za malaria yalipungua na mara nyingi ya viuavijasumu yakapanda.

Jibu hilo kwa kawaida si sahihi. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa bila kulazwa Dar es Salaam na Ifakara, wakatafuta kwa vipimo vya kina chanzo cha kila homa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa watoto wapatao 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Waliokuwa na ugonjwa wa bakteria walikuwa 22 katika kila 100. Malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja kati ya kila 10 hivi.

Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu ya Geita haiwezi kulingana na hiyo moja kwa moja. Hata hivyo, jambo kubwa linabaki pale pale: mafua na homa nyingi za watoto ni za virusi, na kirusi hakiuawi na amoksilini hata mtoto angepewa chupa tatu.

Ukija kwa watu wazima hali ni hiyo hiyo. Siku hizi ni vigumu kukuta mtu aliyepima katika kituo cha binafsi, Kahama au Geita mjini, akatoka bila "UTI" au "taifodi". Kipimo cha Widal kinachotumika sana kutafuta taifodi kinajulikana kwa kupotosha, kwani kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Mkojo nao huangaliwa kwa haraka, majibu yanatoka kwa alama za kujumlisha, na mgonjwa anaandikiwa sipro. Mwezi ujao anarudi na UTI ile ile. Wengine wameshaizoea kama mafua.

Ni haki kueleza na upande wa mhudumu. Zahanati nyingi zina mganga mfawidhi mmoja na nesi mmoja au wawili, nao ndio wanaozalisha, wanaochanja, wanaoandika ripoti na wanaotibu wagonjwa wa asubuhi nzima. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni kutoka kitongoji cha mbali hataki kuondoka mikono mitupu. Kumweleza kwamba mtoto atapona kwa maji na uji kunachukua dakika 10, ilhali kumwandikia dawa ni dakika moja.

Nao woga una nafasi yake. Nimonia inaua watoto, na mhudumu asiye na kipimo anajua kwamba akikosea kwa kutotoa dawa, lawama ni yake. Akikosea kwa kutoa, hakuna atakayemuuliza.

Mwanza na Mbeya zilionyesha njia

Wapo wanaoamini kuwa tabia hiyo haiwezi kubadilika katika nchi yenye wahudumu wachache. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vituo 40 vya ngazi ya chini katika mikoa ya Mbeya na Morogoro. Vituo 20 viliendelea na huduma kama kawaida. Vituo 20 vilipewa tableti yenye mwongozo unaomwelekeza mhudumu hatua kwa hatua, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, vipimo vichache vya tone la damu vinavyosaidia kujua kama ugonjwa ni mzito, na mafunzo.

Katika vituo vya kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa kiuavijasumu. Katika vituo vilivyowezeshwa walikuwa 23. Na watoto waliokosa dawa hizo hawakuumia: idadi ya waliokuwa hawajapona baada ya wiki moja ililingana pande zote mbili.

Wahudumu wale hawakuwa madaktari bingwa waliotoka Muhimbili, wala majengo hayakuwa mapya. Mhudumu alipata kitu cha kumwonyesha mama, akaweza kusema "mtoto wako hana nimonia" akiwa na ushahidi mkononi badala ya kubahatisha. Tableti yenyewe inaweza kuharibika au kukosa umeme. Kinachohitaji kubaki ni vile vipimo, mafunzo na usimamizi.

Kanda ya Ziwa ina mfano wake wa zamani zaidi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo Geita ilikuwa moja ya wilaya zake, ulifanyika utafiti wa magonjwa ya zinaa katika jamii 12. Katika jamii sita zahanati na vituo vya afya viliimarishwa: wahudumu walifundishwa, dawa zilifika bila kukatika, wasimamizi walikuja mara kwa mara na wanavijiji walielimishwa. Jamii nyingine sita zilisubiri zamu yao.

Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi katika jamii zilizoimarishwa yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima iliitazama Mwanza mwaka 1995. Majaribio ya namna nyingine yaliyofuata nchini Uganda hayakupata punguzo kama hilo la Ukimwi na wataalamu walibishana kwa miaka. Lakini kuhusu zahanati yenyewe ubishi haukuwepo. Ilipokuwa na dawa sahihi kila siku, watu waliitumia.

Somo hilo linaihusu migodi moja kwa moja. Kisonono, ambacho kwenye kambi za wachimbaji hakijawahi kuondoka, kimeshazishinda penisilini, tetrasaiklini na sipro katika sehemu nyingi za dunia. Iliyobaki kutegemewa ni sindano ya seftriaksoni. Mchimbaji anayenunua vidonge vinne vya doksi kwa siri anajificha aibu, na anakifundisha kimelea kuizoea dawa.

Gharama inaishia Bugando

Mkulima anaweza kuuliza, hayo yote yanamhusu vipi kama dawa bado zinamponyesha? Jibu liko Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wa Shinyanga na Geita hupelekwa hali ikiwa mbaya.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watafiti wa Bugando waliangalia sampuli 377 za bakteria wa kundi linalosababisha maambukizi ya damu, vidonda na mkojo. Asilimia 29 walikuwa na uwezo wa kuvunja nguvu ya dawa za jamii ya seftriaksoni. Kwa bakteria mmoja hatari kwa watoto wachanga, Klebsiella, kiwango kilifika asilimia 64.

Kabla ya hapo, Muhimbili ilikuwa imeonyesha jambo la kutisha zaidi. Katika utafiti uliofanyika mwaka 2001 na 2002 na kuchapishwa mwaka 2007, watoto waliolazwa na maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi hilo walikufa kwa kiwango cha zaidi ya 43 katika kila 100. Waliolazwa kwa malaria walikufa 20 katika kila 100. Moja ya sababu ilikuwa kupewa dawa ambayo bakteria wameshaizoea.

Familia ya Msalala au Bukombe ikifika huko haikutani na gharama ya dawa peke yake. Kuna nauli, chakula cha anayeuguza, malazi, na wiki mbili shambani bila mtu. Katika Usukuma watu hawaulizi sana kuhusu bima wakati huo. Wanauliza kuna ng'ombe wangapi zizini. Anayeuza ng'ombe wa kulimia mwezi wa Novemba ili anunue sindano ameuza pia mavuno ya mwaka unaofuata.

Hapo ndipo hesabu ya soda mbili inapogeuka. Vidonge sita vilikuwa rahisi kwa aliyenunua siku ile, na bei iliyobaki italipwa na mwingine asiyemjua.

Kifua kikuu ndicho chenye hatari kubwa zaidi kwenye maduara. Vumbi la mawe linaharibu mapafu na kuufungulia mlango ugonjwa huo. Tiba yake ya kawaida ni miezi sita, na wachimbaji wanahama. Fununu ya rashi mpya ikivuma, kijana aliyekuwa katika mwezi wa tatu wa dawa anaondoka usiku na kadi yake inabaki. Tanzania ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, na kwa miaka kadhaa mgonjwa wa Geita alilazimika kuvuka nchi kwenda kulazwa huko. Baadaye huduma ilisogezwa mikoani. Lakini wa kwanza kugundua kwamba kikohozi cha wiki tatu si cha kuombea amoksilini ni mhudumu wa zahanati, kama atakuwa amemwona mgonjwa kabla ya duka.

Mifugo nayo isisahauliwe. Dawa ya OTC anayopigwa ng'ombe na ile anayowekewa kuku kwenye maji ni ya jamii moja na vidonge vya binadamu. Mfugaji anayechoma sindano mwenyewe kwa kukadiria uzito kwa macho, kisha akauza maziwa kesho yake bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye chupa, anarudia kosa la duka la dawa ndani ya zizi lake. Hilo linahitaji afisa mifugo zaidi kuliko mganga. Ila katika vijiji vingi mtu anayeaminika kwa habari za dawa ni wa zahanati, na hakuna kinachozuia wawili hao kukaa meza moja siku ya mkutano wa kijiji.

Fedha zipo wapi

Serikali iliwahi kuahidi, katika mpango wa MMAM ulioanza mwaka 2007, kwamba kila kijiji kitakuwa na zahanati na kila kata kituo cha afya. Wananchi walichangia mawe, mchanga na nguvu zao. Majengo yapo katika vijiji vingi, na mengine bado ni maboma.

Kasoro ni kwamba jengo linapigwa picha na kipimo hakipigwi. Kiongozi anakata utepe wa wodi. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa boksi la vipimo au wa dozi 500 za amoksilini ya watoto. Matokeo yake fedha za maendeleo zinapenda saruji.

Mikoa hii miwili ina chanzo ambacho mikoa mingi haina. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya kuchimba anatakiwa kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri zenye migodi hupata pia ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya kampuni. Mgodi wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000, na Bulyanhulu iko Msalala. Madarasa na vituo vingi vimejengwa kwa fedha hizo, na hilo ni jambo la kushukuru.

Sehemu ndogo tu ya fedha hizo, ikielekezwa kwenye vipimo, dawa zisizokatika na mhudumu wa zamu ya jioni katika zahanati zilizo karibu na maduara, ingeleta tofauti kubwa kuliko jengo jingine. Zahanati ya Rwamgasa ikiwa wazi hadi saa 3:00 usiku, mchimbaji anayepanda kutoka shimoni atakuwa na pa kwenda zaidi ya dukani. Ni ajabu kwamba mahali ambapo karasha hazilali, zahanati inalala alasiri.

Utaratibu wa kupata dawa nao umeboreshwa kuliko ulivyokuwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti zao badala ya kuzungukia halmashauri. Bohari ya Dawa, MSD, ikikosa dawa, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri wa mkoa kupitia mfumo wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Kwa hiyo "MSD hawajaleta" si jibu la kumaliza mazungumzo tena. Anayelitoa aulizwe kama mshitiri aliombwa, lini, na alijibu nini.

Kuna wanaotaka njia ya mkato: yafungwe maduka yote yanayouza viuavijasumu bila cheti, na wauzaji wakamatwe. Hoja hiyo inavutia mezani, lakini ina hatari. Bado wapo watoto wengi vijijini wanaokufa kwa kukosa amoksilini kuliko inavyosemwa, na kwa mama aliye kilomita 15 kutoka zahanati, duka ndilo lililomwokolea mtoto wa nimonia mwaka jana. Ukifunga duka kabla zahanati haijasimama, biashara itahamia kwenye maturubai ya minadani ambako hakuna aliyefundishwa chochote. Zahanati itangulie, na mkono wa sheria ufuate nyuma yake.

Maduka hayo yanaweza kutumika pia. Muuzaji anayejua kuwa zahanati iko wazi na ina kipimo anaweza kumwelekeza mteja huko bila kuonekana mjinga. Baadhi ya wauzaji ni wahudumu wa afya wastaafu, nao wanajua vizuri kuliko wengi kwamba wanachouza hakifai.

Wakulima na wafanyabiashara wana nafasi yao katika hili, tena si ya kuelimishwa tu. Kila zahanati inatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Kamati hizo hushiriki kupanga matumizi ya fedha za kituo na kushuhudia dawa zinapopokelewa. Katika vijiji vingi wajumbe huitwa kusaini na kunywa soda, kwa sababu waliochaguliwa ni wale wasio na kazi ya kufanya siku ya kikao.

Ingefaa wachaguliwe wanaojua hesabu za stoo: mwenye duka la pembejeo, karani wa chama cha ushirika cha pamba, mama anayeuza mchele kwa jumla. Watu hao wanajua kuuliza bidhaa gani iliisha lini, iliagizwa lini na kwa nini ilichelewa. Wanaweza pia kuuliza jambo ambalo ripoti za halmashauri huliacha: kati ya watoto 100 walioonwa mwezi uliopita, wangapi walipewa kiuavijasumu, na wangapi kati yao walipimwa chochote kabla ya kupewa.

Majibu yako kwenye rejista ya wagonjwa na leja ya dawa, na vitabu vyote viwili viko mezani kwa mganga mfawidhi.